Kofia Mpya, Alama ya Kale

Wanafunzi wapenzi, leo nataka kusema nanyi habari ya kitu kidogo sana, kisichozidi upana wa vidole vitatu, ambacho hata hivyo kimewagombanisha watu wazima. Kitu hicho ni beji, yaani ile alama ambayo askari huivaa katika kofia yake, na mwanafunzi huishona katika sweta yake. Nitawaambia kwanza jambo lililotukia hapa shuleni kwetu. Kisha nitawapeleka mbali, mpaka Uingereza na Burma, halafu tutarudi tena Tabora, ili kila mmoja wenu aamue mwenyewe kama maneno yangu ni ya haki ama sivyo.

Miaka michache iliyopita mvua zilikuwa kubwa mno. Shule moja ndogo ya jirani ilibomoka kuta zake, na wanafunzi wake wakaletwa kwetu. Tuliwapokea kwa wema, tukawapa madawati, na vitabu, na sweta mpya zilizo sawa na zetu. Lakini juma la pili tukaona jambo la ajabu. Mtoto mmoja wa darasa la sita alikuwa ameibandua beji ya shule yake katika sweta kuukuu, akaishona katika sweta mpya, kifuani. Siku tatu hazikupita, na wenzake wote wakafanya vivyo hivyo. Watoto wetu wakaanza kuwacheka na kuwaita wapangaji. Siku moja, wakati wa mapumziko, kijana mkubwa alimkamata mdogo mmoja akaing'oa beji ile kwa nguvu, na sweta ikapasuka.

Walimu tulikutana jioni ile ile. Wengine walisema, "Waachwe." Wengine tulisema, "Wazitoe mara moja. Shule moja, beji moja." Nasema tulisema, maana mimi nami nilikuwa katika kundi hilo la pili. Leo nasadiki ya kuwa nilikosa, na sababu zake ndizo nitakazowaeleza.

Kwanza, msidhani ya kuwa babu zetu walingoja wageni wawafundishe kuvaa alama. Katika njia ile ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kila msafara mkubwa ulikuwa na kirangozi wake. Huyu alitangulia mbele ya wapagazi wote, amevaa nguo nyekundu na manyoya kichwani, ameshika bendera. Mpagazi Mnyamwezi aliyekuwa nyuma kabisa, amejitwika pembe ya ndovu begani, alipoona bendera ile kwa mbali alijua ya kuwa hajapotea. Nao watemi wa Unyamwezi walivaa kibangwa, ambacho ni ganda la konokono wa baharini lililosuguliwa mpaka likawa bapa kama kisahani kidogo. Ganda hilo lilitoka pwani, likachukuliwa na wapagazi safari ya miezi mingi, na mtu wa kawaida hakulivaa. Aliyelivaa alijulikana ya kuwa ana watu wa kuwatunza. Basi alama ilisema maneno mawili: mwenye kuivaa ni wa kina nani, na ana wajibu gani.

Kisha zikaja zama za Wajerumani. Askari wao Waafrika walivaa kofia ndefu yenye alama ya tai, ndege wa Kaisari. Katika vita vile vya kwanza vya dunia Wajerumani waliihamishia serikali yao hapa Tabora, na tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakauteka mji huu. Mwaka uliofuata Waingereza waliandika kikosi cha sita cha jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya, na wengi wa walioandikwa humo walikuwa wale wale waliowahi kuwa askari wa Wajerumani. Mtu aliyevaa tai jana, leo akavaa baragumu, maana baragumu ndilo lililokuwa alama ya Keya. Je, mtu yule alibadilika? Mikono yake ilikuwa ile ile, na ushujaa wake ule ule. Lakini hakuna aliyemwuliza anataka kuvaa nini. Likumbukeni jambo hili, maana nitalirudia.

Sasa twendeni Uingereza. Katika vita vya pili vya dunia, mwaka 1940, Wajerumani waliishinda Ufaransa kwa muda wa majuma machache tu, na silaha yao kubwa ilikuwa vifaru. Simsemi kifaru mnyama, bali gari la chuma lenye mzinga, litambaalo juu ya minyororo. Waingereza wakaona ya kuwa wana askari wengi wa miguu, lakini watu wa vifaru ni wachache. Basi katika miaka ya 1941 na 1942 walitwaa vikosi zaidi ya 30 vya askari wa miguu wakavigeuza kuwa vikosi vya vifaru. Mtu aliyezoea kutembea na bunduki akaambiwa ajifunze kuendesha kifaru, kupiga mzinga, na kusema na wenzake kwa redio.

Vikosi vile vilivuliwa majina yao. Wale waliokuwa kikosi cha tisa cha Gordon Highlanders wakawa kikosi cha 116 cha Royal Armoured Corps, yaani jeshi la vifaru. Wale waliokuwa kikosi cha kumi cha York and Lancaster wakawa kikosi cha 150. Na wale wa kikosi cha saba cha King's Own Yorkshire Light Infantry wakawa kikosi cha 149. Mwajua wenyewe ya kuwa namba haina masimulizi. Mtoto hawezi kujisifu ya kuwa babu yake alikuwa mtu wa 149, ikiwa 149 imezaliwa jana.

Tena walipewa kofia mpya, kofia nyeusi ya bereti. Kofia hii ilivaliwa na watu wa vifaru tangu mwaka 1924, na sababu zake ni za kazi. Haina ukingo wa kumgonga mtu anapochungulia katika tundu la kifaru, na weusi wake hauonyeshi madoa ya mafuta. Jeshi lenyewe la vifaru lilikuwa na beji yake, mkono uliovaa chuma, umekunja ngumi.

Hata hivyo watu hawa waliogeuzwa hawakuvaa ngumi ile. Katika kofia ile mpya nyeusi walitia beji zao za kale za askari wa miguu. Watu wa Gordon walitia kichwa cha paa dume mwenye pembe zenye matawi. Watu wa York and Lancaster walitia chui milia wa Bara Hindi pamoja na ua la waridi. Watu wa Yorkshire walitia baragumu lenye waridi ndani yake. Kofia ilisema, "Hii ndiyo kazi yetu ya leo." Beji ikasema, "Hawa ndio waliotulea." Wala hapana aliyeona ya kuwa maneno haya mawili yanapingana.

Je, walishindwa kazi yao mpya kwa sababu ya kuikumbuka ya zamani? Sivyo hata kidogo. Vikosi hivyo vitatu nilivyovitaja vilipelekwa Bara Hindi, vikapigana na Wajapani huko Burma na mipakani mwake. Katika vita vya Kohima, mwezi wa Mei 1944, Wajapani walikuwa wamejichimbia katika kilima chenye mitelemko mikali, nao askari wa miguu wakawashambulia tena na tena bila kuwaondoa. Ndipo watu wa kikosi cha 149 walipotelemsha kifaru kimoja katika mtelemko ule, kikafika mpaka kwenye uwanja wa kuchezea tenisi, kikayapiga mahandaki kutoka karibu kabisa. Waliokiendesha ni watu wa beji ya baragumu, waliokuwa wakienda kwa miguu miaka michache tu kabla ya siku ile. Nao watu wa kikosi cha 116, wenye kichwa cha paa, walikuwapo na vifaru vyao katika vita vya kuuvuka Mto Irrawaddy mwaka 1945.

Tena kiko kisa cha kikosi cha tisa cha Royal Sussex. Kiligeuzwa kuwa cha vifaru, kikaitwa kikosi cha 160. Kisha mwaka 1943 kikarudishwa tena kuwa kikosi cha askari wa miguu. Fikirini, kama watu wale wangalitupa alama yao mwaka 1942, wangaliiokota wapi mwaka 1943? Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Huko huko Burma walikuwako na watu wetu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita katika bonde la Kabaw mwaka 1944, katika mvua na matope na malaria, ikafika Kalewa penye Mto Chindwin mwezi wa Desemba. Ndani yake vilikuwamo vikosi vya Keya kutoka Tanganyika, kama cha 26 na cha 36. Ile 6 ya mwisho ilikuwa ukumbusho wa kikosi cha sita, mzazi wao. Na alama ya divisheni nzima ilikuwa kichwa cha kifaru, yule mnyama wa nyikani. Basi mtu wa Kenya, na wa Uganda, na wa Unyasa, na wa Tanganyika, kila mmoja alikuwa na kikosi chake, na wote pamoja walikuwa chini ya kifaru mmoja. Twaona tena jambo lile lile: alama ya wote haikuifuta alama ya kila mmoja.

Nilikuwa sijayafikiri haya siku ile tulipokutana walimu. Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja, babu wa mmoja wa watoto wale waliohamia kwetu. Alikuja shuleni asubuhi, akaketi chini ya mwembe, akakataa kiti. Akafungua kifundo cha kitambaa, ndani yake mkawa na baragumu dogo la shaba, limechakaa kwa kusuguliwa. Akaniambia, "Mwalimu, hii ni ya marehemu baba yangu. Alikwenda Burma akarudi. Alipofika hapa hakupewa shamba wala ng'ombe, ila alirudi na hii. Wewe wataka kumwambia mjukuu wangu ya kuwa alikotoka si kitu?" Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi, nikamsindikiza mpaka barabarani.

Lakini mtu mwenye akili hapokei neno kwa sababu limesemwa na mzee tu. Wenzangu walileta hoja mbili zenye nguvu, na yanipasa kuzijibu.

Hoja ya kwanza ni ya umoja. Walisema, "Watoto wenye beji mbili watakuwa makundi mawili, na makundi mawili ni ugomvi." Kweli, umoja ni nguvu, nami sitaki shule iliyogawanyika. Lakini tazameni tena kofia ile nyeusi. Watu wa paa na watu wa chui milia na watu wa baragumu wote walivaa kofia moja, wakatii amri moja, wakapanda vifaru vya namna moja. Ugomvi hauletwi na beji. Ugomvi huletwa na yule anayeitumia beji yake kumdharau mwenziwe, au anayeing'oa ya mwenziwe. Shuleni kwetu sweta haikupasuliwa na mtoto mwenye beji ya kale. Ilipasuliwa na mwenye beji yetu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Mwalimu mmoja, mtu mwenye maarifa ya historia, alisema, "Ziko alama za kale ambazo ni lazima ziachwe. Ama umesahau mwaka 1964?" Sikusahau. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, kikosi kile cha sita cha Keya kiligeuzwa jina, kikawa Tanganyika Rifles. Jina lilibadilika, lakini mambo mengi yalibaki kama yalivyokuwa. Maafisa wakubwa walikuwa wangali Waingereza, na mshahara wa askari ulikuwa mdogo. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi. Siku ya pili yake uasi ukafika hapa Tabora, palipokuwa na kikosi cha pili. Mwalimu Nyerere alilazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza, na tarehe 25 Januari uasi ukazimwa. Kisha hakutosheka na kubadilisha beji. Alilivunja jeshi lile, na tarehe 1 Septemba 1964 likaanzishwa jeshi jipya, Jeshi la Wananchi. Hata kambi ile ilipewa jina jingine. Colito ni mahali huko Ethiopia ambapo kikosi cha sita kilipigana mwaka 1941. Hapo Sajenti Leakey, pamoja na askari Waafrika, waliviendea vifaru vya Waitalia kwa miguu, na Leakey akauawa akikishambulia kifaru kingine baada ya kukiteka kimoja. Kilikuwa kitendo cha ushujaa bila shaka. Lakini jina jipya ni Lugalo, mahali pale Uhehe ambapo mashujaa wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891.

Je, kisa hiki kinavunja maneno yangu? Nadhani chayanyosha. Hakuna anayesema ya kuwa kila cha kale ni chema. Pima hivi: je, alama hii niliipewa na watu walionilea, nami ningeichagua mwenyewe, au nilivishwa na mtu aliyetaka nimtumikie yeye? Kumbukeni yule askari aliyevuliwa tai akavishwa baragumu bila kuulizwa. Taifa huru lilikuwa na haki ya kuuliza swali ambalo yeye hakuulizwa, nalo likajibu kwa kuchagua alama zake lenyewe. Wale watu wa Gordon walijibu swali hilo kwa kuibakiza beji yao, na Tanganyika ikalijibu kwa kuiacha. Majibu ni mbalimbali, na kipimo ni kimoja. Tena tazameni mzee wetu wa mwembeni: jeshi la baba yake lilivunjwa, na ni haki lilivunjwa, lakini yeye bado huisugua shaba ile. Haisugui kwa ajili ya mfalme wa Uingereza, bali kwa ajili ya baba yake. Taifa laweza kuiacha alama, na mtoto akaitunza, na wote wawili wasiwe wamekosa.

Mtoto wa darasa la sita aliyeshona beji ile hakushurutishwa na mtu. Alilelewa na shule ile miaka mitano. Humo alijifunza kuandika jina lake. Kumwambia aitupe kwa sababu tumempa sweta ni kumwambia ya kuwa wema wetu una bei, na bei yake ni kuwasahau waliomtendea wema kabla yetu. Na mtu anayewasahau wa kwanza, wa pili nao watamtumaini vipi?

Mwisho wa mambo walimu tulikubaliana hivi. Kila mwanafunzi atavaa sweta moja, yenye beji ya shule yetu upande wa kushoto. Waliotoka shule ile watashona beji yao ya kale upande wa kuume, mpaka watakapomaliza darasa la saba. Yule kijana mkubwa aliagizwa kuishona kwa mkono wake sweta aliyoipasua, naye alishona vibaya, ikambidi kufumua na kushona tena mara tatu. Mwaka ule timu yetu ya mpira ilikuwa na wachezaji wa beji zote mbili, na sikumsikia tena mtu akiitwa mpangaji.

Sasa neno langu la mwisho kwenu. Wengi wenu mtabadilisha kofia zenu katika maisha haya. Aliyejifunza kulima atakuwa dereva, na aliyejifunza useremala atakuwa karani. Wengine mtatoka Tabora kwenda miji ya mbali, kama wapagazi wale. Jifunzeni kazi mpya kwa bidii, kama watu wale wa miguu walivyojifunza vifaru, maana beji ya kale haimfundishi mtu kuendesha kifaru, na chanda chema ndicho huvikwa pete. Lakini mtu akiwauliza mmetoka wapi, msione haya kumwonyesha. Na mkimwona mgeni kati yenu ambaye kifuani pake pana alama msiyoijua, msinyoshe mkono kuing'oa. Mwulizeni habari yake, kisha mwacheni aisimulie.